Nyanya Zinazooza Kitako

Liko jambo moja linalowavunja moyo wakulima wa nyanya, toka Mwea hata Loitokitok. Miche imeshika vizuri, maua yametoka, na matunda yameanza kunenepa. Kisha upande wa chini wa tunda, pale lilipokuwa ua, hutokea doa kama lililolowa maji. Doa hilo hupanuka, hubonyea, likawa jeusi na gumu kama ngozi. Nyanya ya namna hiyo haina mnunuzi sokoni. Mkulima hudhani ni ugonjwa wa kuvu, akanunua dawa, akapuliza mara ya kwanza na ya pili, na nyanya zikazidi kuoza. Fedha yake imepotea bure, maana hapakuwa na kuvu wala mdudu wa kuuawa.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Kuvu ikionekana juu ya doa, imefika baadaye, kama fisi ajaye kwenye mzoga asiouua yeye. Asili yake ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, madini yale yale yaliyomo katika chokaa na katika mifupa yetu. Katika mmea kalsiamu hushikamanisha kuta za seli, yaani vile vyumba vidogo mno ambavyo kila kiumbe hai kimejengwa kwavyo, na huuimarisha utando wa seli usivuje. Ikipungua wakati tunda linapokua kwa haraka, katika majuma mawili hivi baada ya ua kuchanua, utando huvuja na seli hufa.

Ajabu ni kwamba mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha, na majani ya mmea huo huo yamejaa. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yapandayo kutoka mizizini. Maji hayo huvutwa zaidi na majani, kwa sababu majani hutoa mvuke mwingi juani. Bali tunda lina ngozi yenye nta, nalo hupata kidogo tu. Na kalsiamu ikiisha kuingia katika jani, haitoki tena kwenda kwenye tunda. Ndiyo maana kupuliza kalsiamu juu ya majani hakuleti faida kubwa, na ndiyo maana kitako, kilicho mbali na kikonyo, huwa cha kwanza kuumia. Kumwagilia leo na kuacha siku nyingi, au kuzidisha mbolea ya amonia, huongeza madhara.

Lakini katika shamba moja, lenye maji mamoja na mbolea moja, aina moja ya nyanya huoza na nyingine husalimika. Hapo ndipo urithi unapoingia. Nyanya ndogo za mviringo, zilizo kama zabibu, haziozi kitako ila kwa nadra. Zile ndefu, kama San Marzano ya Italia, huoza kwa urahisi.

Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walitangaza kwamba wameona sehemu zinazohusika na jambo hili katika kromosomu ya 3, ya 4 na ya 11, kati ya kromosomu 12 za nyanya. (Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi.) Baadhi ya sehemu hizo ziko mahali pamoja na jeni zinazotawala uzito wa tunda. Basi huenda watu waliochagua mbegu za nyanya kubwa, kizazi baada ya kizazi, walichukua na udhaifu huu pasipo kujua.

Wala wingi wa kalsiamu peke yake hautoshi. Wataalamu walipoingiza katika nyanya jeni moja kutoka mmea mdogo uitwao Arabidopsis, tunda lilipata kalsiamu nyingi zaidi, na hata hivyo likaoza zaidi! Jeni ile iliifungia kalsiamu katika ghala ya ndani ya seli, na kuta na utando vikakosa. Ni kama mtu mwenye fedha nyingi sandukuni, na ufunguo umepotea. Katika Japani, nyanya zilizopewa kipande cha kromosomu ya 8 kutoka nyanya-mwitu ya Peru zilionyesha nguvu ya kuuzuia ugonjwa huu. Matofaa nayo yana ugonjwa wa jamaa hiyo, wa mashimo machungu, na tofaa la Honeycrisp husumbuliwa sana nao.

Mkulima anayeweka mbegu zake mwenyewe na achague mimea ambayo haikuoza hata tunda moja, hali majirani zake katika mstari uo huo waliharibika. Mbegu za chotara hazifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa watoto wake hawafanani na mzazi. Kama udongo una uchachu, chokaa itiwe kabla ya kupanda. Matunda yaliyooza yachumwe mapema, lakini mmea using'olewe: maji yakiwa ya kadiri moja, vichala vinavyofuata mara nyingi hutoka vizima.