Giaboksi Iliyokwama

Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kwa hiyo mara nyingi giaboksi ya lori kuukuu la dizeli haitoki, ijapokuwa bolti zimekwisha kufunguliwa.

Yafaa tujue kinachoishika. Mahali giaboksi inapokutana na injini pana pini fupi za kuilinganisha. Hizo hushikwa na kutu. Tena shafti yake hupita katikati ya sahani ya klachi, nayo huweza kukwama katika meno yake.

Basi, kwanza tuzuie magurudumu, na lori likiinuliwa likae juu ya magogo imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tutafute kama bolti ya juu imesahauliwa. Tutie mafuta mepesi penye pini, tungoje hadi kesho. Kisha giaboksi ishikwe na jeki yake, nasi tupige kabari nyembamba pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, mwanya uwe sawa. Isining'inie kwenye shafti, maana uzito huo hupinda sahani ya klachi. Wala mtu asilale chini yake: ikiachia ghafula, hapana mkono uwezao kuizuia.