Je, Wajua? Ukuta wa Siena unaosubiri kanisa

Ukifika Siena, Italia, usiishie kwenye nguzo za Kanisa Kuu, zenye mistari ya marumaru nyeusi na nyeupe kama punda milia. Toka nje, tazama ukuta mrefu uliosimama peke yake, madirisha yake yakionyesha anga tupu. Mwaka 1339 wenyeji waliamua kujenga kanisa kubwa mno, hata hili la sasa lingebaki kuwa mikono tu ya msalaba wake. Mwaka 1348 tauni ikaingia mjini, ikafyeka watu kwa maelfu. Kazi ikasimama, na mwishowe mpango ukaachwa kabisa. Leo wageni hupanda juu ya ukuta huo kutazama mji, na mimi sijui mnara wa kumbukumbu unaogusa moyo kuliko huo.

Kisha rudi ndani uangalie sakafu: picha 56 za marumaru. Katika nyingi, fundi alichonga mistari kwa patasi, akaijaza lami nyeusi, ndipo nyuso zikatokea. Sehemu kubwa hufunikwa karibu mwaka mzima ili isichakazwe na viatu, basi ulizia mapema inafunuliwa lini.