Rula na Namba za Kweli

Mtoto wa Kapalata, katika mji wa Kisangani, akipewa rula hudhani kazi ni rahisi: kuiweka, kusoma, kuandika. Lakini mtu aweza kuandika namba ndefu na nzuri, nayo ikawa ya uongo. Kupima vema ni kuandika unachokijua, na kuacha usichokijua.

Kwanza, itazameni rula yenyewe. Rula ya mbao ikitumika siku nyingi, ncha yake hulika. Ukianza kupima kwenye ncha hiyo, kipimo chote kimeharibika, hata kama macho yako ni makali. Basi anza kwenye mstari wa 10, kisha ondoa 10 katika namba unayoisoma mwishoni. Tena, weka jicho juu ya mstari sawasawa. Ukitazama kwa upande, utasoma namba isiyo yake.

Sasa chukueni penseli moja na rula mbili. Rula ya kwanza ina mistari ya sentimita tu. Ncha ya penseli imepita 12, haijafika 13. Igawe nafasi ile kwa macho katika sehemu kumi. Ncha yaonekana kwenye sehemu ya nne. Andika sentimita 12,4. Namba 1 na 2 ni za hakika. 4 imekadiriwa kwa jicho.

Rula ya pili ina mistari ya milimita. Hapo 1, 2 na 4 zote ni za hakika, na jicho laweza kukadiria namba moja zaidi: 12,43. Namba za hakika, pamoja na ile moja ya kukadiria, huitwa tarakimu za maana. Rula ya kwanza imetoa tatu, ya pili imetoa nne. Mtu akiandika 12,4378, zile 7 na 8 amezitoa kichwani mwake, si kwenye rula.

Na sifuri je? Ncha ikiwa juu kabisa ya mstari wa 12,4 katika rula ya pili, andika 12,40. Sifuri hiyo si pambo. Maana yake: mpimaji alitazama, wala hakuona kilichozidi.

Lakini sifuri nyingine hushika nafasi tu. Reli ya kutoka Kisangani mpaka Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906, kwa sababu meli haziwezi kupita maporomoko ya Boyoma. Huandikwa kwamba urefu wake ni kilometa 125. Ukiandika mita 125.000, hukuipima reli upya. Tarakimu za maana ni tatu zile zile.

Jambo hili lina faida gani? Mtazameni fundi anayetaka kukata kioo cha dirisha. Amepima urefu sentimita 41,3 na upana sentimita 28,7. Akizidisha, apata 1185,31. Je, namba zote hizo ni za kweli? Kama kila kipimo kimekosea milimita moja tu, eneo laweza kuwa 1178 au 1192. Basi ile 31 ya mwisho haina maana. Vipimo vyake vina tarakimu tatu, na jibu liwe na tatu: sentimita za mraba 1190. Hesabu haiwezi kujua zaidi ya rula.

Fundi mwenye akili hujua kwamba namba yake ya mwisho imekadiriwa. Kwa hiyo hukata kioo kidogo kuliko fremu, akaacha nafasi nyembamba pande zote. Yule anayeamini namba ndefu haachi nafasi. Kioo hukataa kuingia, akikisukuma, hupasuka. Fedha imekwenda, na mvua yaingia nyumbani. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI

1. Kijiti kimeanza kwenye mstari wa 10, kimeishia kwenye 23,6. Urefu wake ni sentimita ngapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya sentimita 7,5 na sentimita 7,50?
3. Daftari lina urefu wa sentimita 20,9 na upana wa sentimita 16,4. Tafuta eneo lake, kisha andika jibu lenye tarakimu tatu za maana.