Walinzi wa Kasino na Moyo Uliosimama

Kasino za Marekani zimejaa kamera. Kamera hizo ni za kuwanasa wezi, lakini mchezaji akianguka ghafla, mlinzi aliye mbele ya skrini humwona papo hapo. Daktari Terence Valenzuela na wenzake walifuatilia walinzi wa aina hiyo, waliofunzwa kutumia mashine ya kushtua moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na sijaona ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu thamani ya dakika moja.

Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi bado unatetemeka. Umeme wake umevurugika, damu haisukumwi. Mtu huzirai ndani ya sekunde chache, ila huenda akaendelea kukoroma au kutweta kwa vipindi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani anapumua, wanampepea, wanammwagia maji. Kumbe ubongo umekosa oksijeni, na baada ya dakika nne hivi huanza kuharibika. Mshtuko wa mashine huzima vurugu hiyo yote kwa mara moja, moyo ukapata nafasi ya kurudia mapigo yake.

Katika kasino hizo, wahudumu wa ambulensi walifika kwa wastani wa dakika 9.8 tangu mtu aanguke. Huo si uzembe hata kidogo. Lakini walinzi walikuwa wameshatoa mshtuko wa kwanza kwa wastani wa dakika 4.4. Kati ya wagonjwa walioshuhudiwa wakianguka, waliopata mshtuko ndani ya dakika tatu walitoka hospitalini hai kwa asilimia 74. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49.

Bila msaada wowote, kila dakika hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kukandamiza kifua hupunguza kasi hiyo karibu kwa nusu. Weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, nyoosha mikono, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara ukiache kifua kiinuke chote. Ni kazi ya jasho. Pokezaneni kila baada ya dakika mbili.

Dar es Salaam na Nairobi, ambako foleni hukwamisha hata ambulensi yenye king'ora, benki, hoteli na majumba ya maduka yana walinzi langoni mchana na usiku. Hao ndio wa kufunzwa kwanza. Mashine yenyewe hutoa maelekezo kwa sauti, hupima mapigo, na haitoi mshtuko kwa moyo usiouhitaji.