Miswada ya Hati ya Dharura: Kwa Nini Sheria Huhitaji Muda



Kila inapotokea mabishano bungeni Dodoma juu ya muswada ulioletwa kwa haraka, baadhi ya waamini hutuuliza swali moja: je, jambo hili linatuhusu sisi Wakristo, au ni ugomvi wa vyama vya siasa ambao tungefanya vema kuuacha upite? Swali hili ni la haki. Tunapenda kulijibu kwa kueleza kwanza jinsi sheria inavyotungwa katika nchi yetu, kisha jinsi utaratibu huo unavyofupishwa, na mwisho mafundisho ya Kanisa yanatuelekeza nini. Hatukusudii kukitetea chama chochote wala kukishutumu. Tunakusudia kuitetea haki ya mtu wa kusikilizwa kabla hajafungwa na sheria.

Safari ya kawaida ya muswada

Muswada ni pendekezo la sheria. Kwa kawaida Serikali huutangaza katika Gazeti la Serikali ili umma uusome. Kisha husomwa bungeni kwa mara ya kwanza bila mjadala, na kupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Katika kamati ndipo penye kazi kubwa ambayo wananchi wengi hawaioni: wajumbe hupitia kifungu kimoja baada ya kingine, na wadau, yaani wanasheria, wakulima, wafanyabiashara, mashirika na madhehebu ya dini, hualikwa kutoa maoni yao.

Baadaye muswada hurudi kusomwa mara ya pili. Hapo waziri hutoa hoja, kamati hutoa maoni yake, na wabunge hujadili. Bunge hukaa tena kama Kamati ya Bunge Zima kupitia vifungu, kisha muswada husomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa Rais ili aridhie. Kwa kuwa Bunge hukutana mara chache tu kwa mwaka, muswada unaosomwa mara ya kwanza katika mkutano mmoja na kujadiliwa katika mkutano unaofuata huwaachia wananchi miezi kadhaa ya kuusoma, kuuliza na kupendekeza.

Miezi hiyo haipotei bure. Ndani yake mbunge hurudi jimboni na kuwauliza wapiga kura wake, mwanasheria hugundua kwamba kifungu fulani kinapingana na kingine, na watu wa kijijini hupata habari kwamba kuna sheria inayoandaliwa juu ya ardhi yao, chama chao au kazi yao.

Hati ya dharura ni nini?

Kanuni za Kudumu za Bunge zinatambua kwamba yapo mambo yasiyoweza kungoja. Kwa hiyo zinaruhusu muswada kuletwa pamoja na hati iliyotiwa saini na Rais, inayoeleza kwamba muswada huo ni wa dharura. Hapo hatua zilizotajwa hazifutwi, bali hubanwa. Kazi ya miezi hufanyika kwa siku chache.

Utaratibu huu si uovu. Vita vikizuka, maradhi yakienea au mahakama ikitengua kifungu na kuacha pengo kubwa katika sheria, Serikali isiyoweza kutenda haraka itakuwa imewatelekeza watu wake. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mabishano basi hayahusu kama hati ya dharura iwepo au isiwepo. Yanahusu kama dharura inayodaiwa ni ya kweli, na kama dawa ya siku za hatari imeanza kugeuka chakula cha kila siku.

Yaliyotokea miaka ya karibuni

Tukumbuke mifano michache. Katikati ya mwaka 2015, Bunge lilipokuwa linakaribia kuvunjwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu, Serikali ilileta kwa hati ya dharura miswada mitatu iliyohusu mafuta, gesi asilia na madini. Wabunge wa upinzani walidai kwamba mambo mazito kiasi hicho hayawezi kumalizwa kwa siku chache. Vurugu zilitokea ukumbini, na baadhi yao walizuiwa kuhudhuria vikao. Miswada ikapita. Mmojawapo ulihusu uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji. Ni vigumu kutoona kinyume kilichomo humo: sheria ya uwazi ilipitishwa kwa namna iliyowanyima wengi nafasi ya kuiona.

Mwanzoni mwa Julai 2017, hati ya dharura ilitumika tena kwa miswada mitatu juu ya umiliki wa rasilimali za taifa na mikataba yake. Watanzania wengi, nasi tukiwamo, tuliona lengo lake kuwa jema, maana utajiri wa nchi ni wa watu wote, vikiwemo vizazi vijavyo. Lakini lengo jema haliondoi haja ya uchunguzi. Sheria inayokusudiwa kuulinda mgodi kwa miaka hamsini inastahili zaidi ya siku chache za kusomwa na wale watakaoishi chini yake.

Mfano wa tatu unaligusa Kanisa moja kwa moja. Juni 27, 2019 Bunge lilipitisha Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3 kwa hati ya dharura, siku chache tu baada ya muswada kufikishwa bungeni. Muswada mmoja ulirekebisha sheria nane kwa pamoja: za makampuni, hakimiliki, filamu, mashirika yasiyo ya kiserikali, vyama vya kijamii, takwimu, uwakala wa meli, na usajili wa wadhamini. Majimbo na taasisi nyingi za dini humiliki mali zao kupitia wadhamini waliosajiliwa. Zahanati, shule na vituo vya yatima vinategemea mashirika yanayoguswa na sheria hizo. Ni paroko gani, au mwenyekiti gani wa Halmashauri ya Walei, aliyeweza kuusoma muswada huo, kuuelewa na kutuma maoni Dodoma kabla haujapita?

Kwa haki, tuseme pia kwamba ndani ya muswada huo huo mlikuwa na jema. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilikuwa imerekebishwa ili kumtia hatiani mtu atakayetoa takwimu zinazopinga zile rasmi. Watafiti walilalamika, na Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi wake hadharani. Marekebisho ya Juni 2019 yaliiondoa hatari hiyo. Kosa lililofanywa na Bunge likasahihishwa na Bunge lile lile kabla mwaka haujaisha. Tunaipongeza nchi inayokubali kujirekebisha. Lakini tunauliza: kama watafiti wangesikilizwa vya kutosha mwaka 2018, je, sheria hiyo ingehitaji kusahihishwa haraka namna hiyo?

Sababu za Serikali

Inatupasa kuzipima kwa uaminifu hoja za upande wa pili. Serikali husema kwamba imepewa ridhaa na wananchi ili itekeleze ahadi zake, na kwamba si kila anayedai muda anautaka kwa nia njema, kwa maana wapo wanaotumia mjadala kuchelewesha tu. Husema pia kwamba wadau huitwa hata katika miswada ya dharura. Hoja hizi zina uzito wake. Mjadala usiokoma nao huwaumiza maskini, wanaosubiri dawa, maji na barabara.

Hata hivyo, kuitwa leo ili utoe maoni kesho si kushirikishwa. Anayeweza kufika Dodoma kwa mwaliko wa aina hiyo ni mwenye gari, mwenye wakili na mwenye ofisi mjini. Mvuvi wa Ziwa Nyasa na mama anayeuza mboga sokoni hawamo. Hivyo haraka haiwapunguzii watu wote sauti kwa kipimo kimoja. Inaanza na wanyonge.

Kanisa linafundisha nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, linalotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya, na kutangazwa. Tuzingatie neno la kwanza: akili. Sheria haipati nguvu yake kutokana na utashi wa mtawala pekee, wala wingi wa kura pekee. Akili nayo hufanya kazi kwa kuuliza, kulinganisha na kusikia hoja iliyo kinyume. Kwa hiyo uchunguzi wa muswada ni sehemu ya yale yanayoifanya sheria iwe sheria. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alieleza kwamba Kanisa linauthamini mfumo wa demokrasia kwa kadiri unavyohakikisha ushiriki wa raia katika maamuzi.

Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofanana mno na mada yetu. Katika sura ya 6 ya Kitabu cha Danieli, wakuu wa ufalme walimwendea mfalme Dario na amri iliyokwisha kuandikwa: kwa siku 30 mtu yeyote asimwombe mungu wala mwanadamu, isipokuwa mfalme. Walimwambia kwamba viongozi wote wamekubaliana. Haikuwa kweli, maana Danieli, mmoja wa wakuu watatu, hakuwamo katika shauri hilo. Mfalme hakuuliza Danieli yuko wapi wala amri hiyo itamwumiza nani. Alitia saini. Alipotambua kwamba imemnasa mtumishi wake mwaminifu, alihangaika mpaka jua kutua akitafuta njia ya kumwokoa, asiipate. Dario hakuwa katili. Alisaini haraka, akaamini aliposikia kwamba wote wamekubali.

Katika mabishano ya mkataba wa bandari, mwaka 2023, maaskofu wetu walisimama juu ya msingi huo wa kusikiliza. Huo haukuwa muswada, bali makubaliano kati ya Tanzania na Dubai yaliyoridhiwa kwa azimio la Bunge Juni 10, baada ya wananchi kupewa siku chache tu za kutoa maoni. Tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania la Agosti 18 liliwataka viongozi waisikie sauti ya wananchi waliokuwa wakiyapinga. Mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Oktoba 22, ilikuwa na ukomo wa miaka 30. Suala la muda ni mojawapo ya yale ambayo wananchi walikuwa wameyapigia kelele. Mjadala ungeweza kutangulia badala ya kufuata, na taifa lingeepushwa na miezi ya uchungu na maneno makali.

Tuanze nyumbani kwetu

Tusingekuwa wakweli kama tungelihubiria Bunge na kujisahau sisi wenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza, katika kanuni ya 8, kwamba sheria inayolihusu Kanisa zima huanza kutumika miezi mitatu baada ya kutangazwa, isipokuwa ikiamriwa vingine. Kanuni ya 127 inasema kwamba pale ambapo mkuu anatakiwa na sheria kupata ushauri, tendo lake ni batili asipowasikiliza wanaohusika. Mama Kanisa amejifunza hekima hii kwa karne nyingi. Je, nasi mapadre tunaiishi? Ni mara ngapi Halmashauri ya Walei imeitwa ili ipewe taarifa ya ujenzi ambao msingi wake umekwisha kuchimbwa? Mchango wa lazima uliotangazwa mwishoni mwa Misa, bila jumuiya kuulizwa, nao ni muswada wa hati ya dharura.

Nini basi kitufae? Jumuiya Ndogo Ndogo na kamati za Haki na Amani zifuatilie miswada inayotangazwa, na kila parokia imtafute mwanasheria au mwalimu mmoja aieleze kwa lugha nyepesi. Mbunge akija jimboni, tusimwulize tu juu ya barabara na visima. Tumwulize pia ni muswada gani uko njiani, ameusoma vifungu vingapi, na alimsikiliza nani kabla ya kusema ndiyo. Linapotajwa neno dharura, tuulize kwa heshima: ni hatari gani itakayotupata tukingoja hadi mkutano ujao wa Bunge? Kama jibu lipo, tuunge mkono. Kama halipo, tuseme hivyo bila woga na bila matusi.

Na katika sala za waamini tuwaombee wabunge wetu wa vyama vyote, ili kabla ya kuinua sauti kupitisha jambo, wakumbuke kuuliza swali ambalo Dario hakuliuliza: ni nani ambaye hayumo humu, na sheria hii itamfikia?