Baiskeli Iliyozaliwa Ikiteremka

Simama asubuhi kwenye steji ya Kinoo, kando ya Waiyaki Way, na utaona baiskeli za aina mbili. Ya kwanza ni Black Mamba: nyeusi, chuma kitupu, keria pana nyuma, mitungi ya maziwa imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Ya pili ina tairi nene zenye meno, fremu fupi iliyolala, na gia zimepangana nyuma kuanzia kubwa hadi ndogo. Hiyo mara nyingi imekuja kwa kontena kutoka Ulaya na kuuzwa kama mtumba, "ex-UK". Ndiyo baiskeli ya milimani, ambayo vijana huiita MTB.

Je, wajua kwamba ni changa kuliko Safari Rally? Tena waliobuni baiskeli ya namna hii hawakuwa na haja yoyote ya kupanda mlima. Walitaka kushuka tu.

Hayo yalitokea katika jimbo la California, Marekani, kaunti ya Marin, kaskazini ya jiji la San Francisco. Miaka ya 1970, kundi la vijana huko lilikuwa likiokota fremu kuukuu za Schwinn zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, baiskeli nzito za tairi pana ambazo hakuna aliyezitaka tena. Walizipandisha juu kwa pikapu, wakageuka, wakaziachilia. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mbio za kwanza za kupimana saa kwenye njia ya vumbi iliyoitwa Repack. Ilikuwa na urefu wa kilomita tatu na ushei, na ilishuka karibu mita 400. Breki ilikuwa moja, ya nyuma, imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo hushika ukikanyaga pedali kinyume. Walipofika chini, kitovu kilikuwa kikifuka moshi kwa sababu grisi yote imeungua. Kabla ya kushuka tena ilibidi kukifungua na kupakia grisi mpya, na kazi hiyo ndiyo iliyoipa njia jina lake.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini. Mtu na baiskeli yake, tuseme kilo 85 kwa pamoja, wakishuka mita 400 huachilia nishati ya kilojuli 330 hivi. Hicho ni karibu kiasi kinachohitajika kuchemsha lita moja ya maji ya mfereji. Sehemu fulani huchukuliwa na upepo, lakini inayobaki lazima iingie kwenye breki, na breki yao ilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto. Diski za siku hizi, yale masahani membamba yenye matundu, zilifanywa wazi ili hewa ipite na kuondoka na joto. Ukishuka bonde kwa kushika breki mfululizo bado utazichoma. Fundi mzuri atakwambia ushike kwa nguvu, uachie, ushike tena.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya njia zile. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zilizojengwa kwa fremu za Tom Ritchey, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyofika kwenye maduka ya kawaida. Mwaka 1996, huko Atlanta, mchezo huu ulikuwa tayari kwenye Olimpiki. Wakati fulani mtu alichoka kupanda pikapu, na gia nyingi zikafungwa nyuma.

Gia hizo, kwa maoni yangu, zilifaa huku kwetu kuliko hata kwao. Nchi ya Wakikuyu ni migongo na mabonde. Mito hutoka kwenye ukingo wa juu upande wa Limuru na kuteremka kwenda mashariki na kusini, sambamba, kila mmoja umechimba bonde lake. Mto Nairobi wenyewe huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu, kilomita chache tu kutoka Kinoo. Ukifuata mgongo, njia ni laini. Ukiukata, kwa mfano kutoka Kinoo kuelekea Wangige, unashuka hadi mtoni, unapanda, unashuka tena, na kila mpando una hasira zake.

Sasa chukua Black Mamba yenye meno 44 kwenye gia ya mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unaisukuma mbele mita tano na zaidi kidogo. Kwenye tambarare ya Kisumu hilo ni jambo zuri sana. Kwenye mpando wa matope, hata mwenye mapaja ya simba atashuka asukume. Baiskeli ya milimani ya kisasa yenye meno 32 mbele na 51 nyuma husogea mita moja na nusu hivi kwa mzunguko uleule. Kazi ya kuinua kilo 85 haijapungua hata chembe. Imegawanywa vipande vidogo ambavyo mguu unaviweza.

Tairi nayo ina ujanja wake. Watu wengi hujaza upepo hadi gurudumu liwe gumu kama jiwe, wakiamini ndivyo linavyokimbia. Kwenye lami wana haki. Kwenye njia ya mawe, la. Eneo la tairi linalogusa ardhi hupatikana, kwa kukadiria, ukigawanya uzito kwa presha. Kwa presha ya pauni 80 kwa inchi ya mraba, kila tairi hushika chini kwa sentimita za mraba saba au nane tu. Punguza hadi pauni 25, na eneo linafika 24. Tairi inajikunja juu ya jiwe badala ya kurushwa nalo, na meno yake yanapata pa kung'ata. Adui mmoja tu haogopi hesabu hii: udongo mwekundu wa Kabete na Kikuyu baada ya mvua ya Aprili. Hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baada ya mita mia moja gurudumu hugoma kuzunguka. Dawa yake ni kijiti.

Lakini ukitaka kuona sayansi ya kweli, mtazame fundi wa kando ya barabara akinyoosha rimu. Anaigeuza baiskeli juu chini, ikae kwa kiti na usukani. Analizungusha gurudumu na kuweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu. Inapopinda, ukucha unaguswa, tik, tik, mahali palepale kila mzunguko. Anasimamisha, anatafuta spoki ya upande wa pili, anaikaza robo ya mzunguko, analegeza jirani yake kidogo. Kisha anazungusha tena. Spoki nyembamba namna ile haiwezi kusimama na kubeba mtu kama nguzo, ingekunjika. Zote zimevutwa tangu mwanzo, na uzito unapoingia, zile za chini hupunguza mvuto wake kidogo huku rimu ikibaki imeshikwa kila upande. Gurudumu linaubeba uzito kwa kulegea kidogo chini. Fundi hahitaji maelezo hayo. Hupitisha vidole kwenye spoki na kusikiliza sauti: iliyolegea hulia nzito.

Kazi hiyohiyo watoto hufundishwa Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, nyumbani kwa David Kinjah. Kinjah alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Kenya, na kundi lake la Safari Simbaz limelea waendesha baiskeli kwa miaka mingi. Kwake, mtoto hujifunza kutengeneza kabla hajawaza kushindana. Miaka ya 1990 alikuja kijana mwembamba aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akaletwa na mama yake. Alifuata wenzake kwenye njia za vumbi, akaachwa nyuma, akarudi tena. Jina lake Chris Froome. Mwaka 2006 alivaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye akachukua leseni ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Sidai kwamba vumbi la Kikuyu lilimpa jezi ya njano, na Tour huendeshwa kwa baiskeli nyembamba za lami. Ila tarehe 13 Julai 2016 mbio zilianzia Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, chini ya ngome ya zama za kati yenye kuta mbili na minara 52. Njia ilikata mashamba ya mizabibu ya Languedoc hadi Montpellier, upepo ukipiga kutoka ubavuni. Kilomita za mwisho, Peter Sagan alichomoka, na Froome, kiongozi wa mbio ambaye angeweza kukaa salama kundini, akamfuata. Alimaliza wa pili. Kesho yake, kwenye mlima Ventoux, alianguka nyuma ya pikipiki iliyokwama kwenye umati, baiskeli ikavunjika, naye akaanza kukimbia kwa miguu akipanda mlima na viatu vya baiskeli.

Anayetaka ngome na mizabibu bila visa anaweza kuanzia hapahapa. Ngome ya karibu kabisa ilikuwa Fort Smith, Kabete. Waingereza waliijenga mwaka 1891 baada ya ile ya kwanza, ya Dagoretti, kuchomwa na watu wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Waiyaki alikamatwa humo Agosti 1892, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.  Jina lake limebaki kwenye barabara ambayo Kinoo nzima huivuka kila siku.

Barabara hiyohiyo, ukiifuata kwenda magharibi, hupita Limuru na chai yake, ikafika ukingo wa Bonde la Ufa na kushuka Naivasha. Huko Naivasha mizabibu ipo kweli. Kwenye shamba la Morendat zabibu hugeuzwa kuwa mvinyo uitwao Leleshwa, jina la kichaka cha majani ya kijivu kilichojaa kwenye bonde hilo. Songa mbele hadi Nakuru, pinda kuelekea Njoro, na utakuta kasri la mawe la Lord Egerton, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kukamilika 1954. Lina vyumba 52, sawa na minara ya Carcassonne, kwa sadfa tu. Inasimuliwa kwamba alimjengea mwanamke aliyelikataa. Zama za kati za Ulaya zilikuwa zimekwisha miaka mia nne na zaidi, lakini Bwana Egerton hakujali kalenda.

Wanaoifanya safari hiyo kwa baiskeli hawapendi kukaa kwenye barabara kuu, na sababu yao ni matrela ya kwenda Malaba. Huingia kwenye njia za chai, wakapita msituni kuelekea Kijabe na kushuka bonde kwa njia za mawe. Hapo mtu hushuka mita 500 na zaidi, joto la kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji, na hapo ndipo diski zile huonyesha thamani yake. Kusini ya Ziwa Naivasha kuna Hell's Gate, mbuga ya taifa ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Nyati wapo pia, na wao hawahesabu gia.

Kurudi ni mpando mtupu. Wengi hupakia baiskeli juu ya matatu pale Naivasha, na kondakta hudai nauli ya watu wawili.