Elimu ya viungo Johannesburg: pale hadithi inaposhinda filimbi

Makala haya yanatupeleka Johannesburg, Afrika Kusini. Je, mwalimu mwenye uwanja wa vumbi, mpira mmoja na watoto arobaini afanye nini ili somo la elimu ya viungo liwavutie?

Somo hilo lina historia yenye makovu nchini humo. Wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, shule za Weusi zilinyimwa viwanja na vifaa, ilhali wavulana katika shule za Wazungu walifundishwa hata gwaride la kijeshi. Mtaala uliozinduliwa mwaka 1997 uliliingiza somo hilo ndani ya somo pana la stadi za maisha. Tangu mwaka 2012, madarasa ya awali hadi la tatu yametengewa saa mbili kwa juma. Saa zimo katika ratiba; kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, na asiyejua la kufanya huishia kupuliza filimbi na kuwaamuru watoto wauzunguke uwanja. Mtoto wa miaka saba huichoka amri hiyo moyoni kabla miguu haijachoka.

Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Kisovieti, Z. V. Manuilenko, aliwataka watoto wadogo wasimame bila kutikisika. Walipoagizwa tu, walishindwa upesi. Walipoambiwa kuwa wao ni askari walio lindoni, walistahimili kwa muda mrefu zaidi. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alikuwa ameshaeleza sababu yake mwaka 1933: katika mchezo wa kuigiza, mtoto hujifunga kanuni kwa hiari, kwa kuwa kanuni hiyo ndiyo inayompa raha. Askari anayechezacheza si askari tena.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuwaambia watoto wajifanye simba, kisha kuwarejesha katika mstari ule ule, hakusaidii kitu. Hadithi yenyewe lazima iudai mwendo. Johannesburg ni mji uliozaliwa na dhahabu mwaka 1886, basi watoto na wawe wachimbaji: handaki ni jembamba, watambae, mwamba ni mzito, waubebe wawili wawili, taa zimezimika, wafumbe macho na kushikana mabega. Mwalimu hajatamka neno "zoezi", lakini mikono na migongo imefanya kazi.

Au tuchukue teksi, yaani matatu au daladala za huko. Abiria huzisimamisha kwa ishara za vidole: kidole cha shahada kikielekea juu, anakwenda katikati ya mji, kikielekea chini, safari ni ya mtaani humo humo. Watoto wanashikana mikono watano watano. Mwalimu akiinua kidole, teksi zinakimbia hadi mwisho wa uwanja. Akikishusha, zinazunguka papo hapo. Mkono ukiachiwa, teksi imeharibika, na wote wanachuchumaa hadi itengenezwe.

Serikali nayo ilianzisha mwaka 2001 mradi wa kufufua michezo ya asili, ikiwemo kgati, ambayo ni kuruka kamba, na diketo ya kudaka mawe, ambayo sisi tuliokulia Pwani tunaijua kama mdako. Ni jambo jema, ingawa kwa maoni yangu mchezo ukishapewa waamuzi na vikombe, chumvi yake hupungua.

Masekitlana umeepuka hatima hiyo. Katika mchezo huu, unaojulikana hasa miongoni mwa watoto wa Kisotho, mtoto huketi akigonga jiwe kwa jiwe huku akisimulia yanayomkaa moyoni. Mwaka 2008 mtaalamu Mokgadi Kekae-Moletsane alieleza jinsi unavyoweza kutumika kuwatibu watoto waliopatwa na misukosuko. Si mchezo wa kukimbia, lakini unamwonyesha mwalimu kwamba hadithi inaweza kutoka kwa watoto wenyewe.

Na akiwauliza, ajiandae. Katika mji wenye uhalifu kama Johannesburg, baadhi watataka kuwa majambazi, na risasi zitasikika uwanjani. Kupiga marufuku ni rahisi, lakini huifunga midomo yao. Afadhali awaulize nani anakuja kuokoa, anapita wapi, na anambebaje aliyejeruhiwa. Mbio zinaendelea, na aliyeanza kama jambazi mara nyingi huomba kuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mtoto asiyeweza kukimbia naye asiwekwe kando kuhesabu alama. Yeye ndiye ainue kidole, na teksi zote zimsubiri.